Mama Alipopika kwa Masikio

Unga wa wimbi uliochacha ukikaangwa hutoa harufu ya uji uliolala, mkate unaoungua ukingoni na moshi wa kuni mbichi, vyote kwa pamoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwetu Malaba, nyuma ya reli, miaka ya sabini nilipokuwa msichana wa shule ya msingi. Madereva wa malori waliongoja kuvuka kwenda Uganda waliifuata mpaka mlangoni. Mama alipika ajono, pombe ya wimbi ambayo sisi Wateso huinyonya kwa mirija mirefu tukiwa tumezunguka chungu kimoja, na sifa yake yote ilikuwa puani. Alinusa unga akajua umeiva, akanusa kimea akajua kimeharibika. Wanawake wengine walimwita akawanusie vyungu vyao, naye alijidai kweli kweli, wala simlaumu.

Msimu mmoja wa mvua mafua makali yalimlaza kitandani. Alipoinuka alikuwa mzima kabisa, ila pua haikusikia kitu. Hakumwambia mtu. Siri ilitoboka Jumamosi moja, majirani walipokuja kunywa. Walivuta mirija mara moja, wakaiachia wote, wakatazamana. Kumbe mama alikuwa ameteka maji kwa debe la mafuta ya taa. Mzee Omuse, jirani yetu, akafuta mdomo taratibu akasema, "Mama Asere, leo umetupikia taa?" Watu walicheka mpaka machozi, na mama akacheka nao. Walipoondoka aliketi jikoni akaniambia, "Pua yangu imelala, mama. Hata huu moshi siusikii."

Ubaya ni kwamba wakwe wa dada yangu Asere walikuwa njiani kuja kuzungumza mahari, na kwetu chungu cha siku hiyo hupikwa na mama mwenye msichana. Shangazi, dada yake baba, mwanamke wa maneno mengi, akasema apike yeye ili tusiaibike mbele ya wageni. Alisema hivyo huku amekwisha kujifunga leso kiunoni. Mama akamjibu kwa upole kwamba chungu ni chake, na anayeogopa aibu abaki kwake siku hiyo. Kisha akachukua msumari akalitoboa lile debe matundu, lisitekewe maji tena.

Akakaanga kwa masikio. Unga mbichi ukigeuzwa kwa mwiko hauna sauti. Ukianza kukauka unachakarika. Aliusikiliza, akausugua kati ya vidole, akautoa jikoni, akautia chunguni pamoja na kimea na maji. Lakini zile siku za kungoja chungu kichachuke ndizo zilizotutesa. Mama aliinamisha sikio mdomoni mwa chungu, na nyumba nzima ikaamriwa kunyamaza. Redio ya baba ilizimwa, kuku wakafukuzwa. Gari moshi la mizigo lilipopita likipiga king'ora, mama aliinuka akalilaani pamoja na mabehewa yake yote, kisha akainama tena. "Kinaongea," alituambia. "Kikianza kunong'ona, kiko tayari." Shangazi alikuja kila jioni, akanusa, akaondoka bila kusema neno, makusudi tu.

Wakwe walipofika, mama alimimina maji moto chunguni, mirija ikaingia. Baba mkwe akavuta. Mama alisimama mlangoni akimtazama usoni, maana hakuwa na njia nyingine ya kujua, nami nilishikilia gauni lake. Yule mzee akavuta tena, safari hii kwa muda mrefu, akasogeza kiti chake karibu na chungu. "Ongezeni maji moto," akasema. Kwa mnywaji wa ajono hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Maana yake hataki chungu kiishe. Mama alikwenda kuyaleta mwenyewe, akiimba. Shangazi naye akatafuta mrija, na hakubanduka pale mpaka wageni walipoaga.

Pua ya mama haikuamka tena, naye aliendelea kupika mpaka uzeeni. Siku hizi kwetu nyuma ya reli pamejengwa gesti, foleni ya malori imerefuka, na wengi huichachusha ajono kwenye mapipa ya plastiki. Mwaka jana mafua yalinipata na mimi. Daktari mmoja wa Busia akaniambia nina anosmia, na nilipouliza ni nini akasema ni kupoteza uwezo wa kunusa. Nilicheka hata akanitazama kwa wasiwasi. Mama aliishi nayo miaka yote ile bila kujua kwamba ina jina. Naikosa ile harufu ya unga, sitadanganya, na kuna asubuhi huketi nikijaribu kuikumbuka. Lakini mwezi uliopita nilimkuta Asere akipikia wakwe wa mjukuu wake, kwa chungu cha udongo, kama zamani. "Hebu nusa hapa," aliniambia, akiwa amesahau. Nikapiga magoti, nikainamisha sikio.

"Bado kinaongea," nikamwambia.

Asere alizima simu yake, akawafukuza kuku.