Moyo wa Mama na Sumu ya Jirani

Moyo wa kwanza niliowahi kuushika ulikuwa wa ng'ombe. Mtawa aliyetufundisha uuguzi aliununua kwa mchinjaji asubuhi ile, ukiwa bado na joto, akauweka kwenye beseni mbele ya darasa na kukunja mikono ya kanzu yake. Kila mfumo wa mwili alitufundisha hivyo, kwa nyama. Mapafu tuliyapuliza kwa mrija wa mpapai mpaka yakatuna. Figo tulizipasua. Utumbo tuliunyoosha uani kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, huku wenzangu wengine wakiziba pua na kujifanya mabinti wa mabalozi.

Siku ya moyo, mtawa alimimina maji kwenye chumba cha chini cha moyo, akauminya taratibu. Vijipande vyembamba vilivyomo ndani, vali, vikajifunga, na maji hayakupanda. Kisha akachukua mkasi, akakikata kimoja, akaminya tena. Safari hii maji yakarudi yalikotoka.

"Vali ikiharibika, damu inarudi nyuma," alisema. "Mapafu yanajaa. Mgonjwa hawezi kulala chali. Halafu maji yanashuka miguuni."

Wenzangu waliandika. Mimi nilibaki nimeshika kalamu tu, kwa sababu alikuwa ananieleza habari za mama yangu.

Mama alikuwa nyumbani kwetu, mtaa wa Gikondo, nyuma ya magereji, akilala ameketi, mito imejazwa mgongoni. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa havimwingii tena. Ila kwetu ugonjwa huo ulishapewa jina: sumu. Aliyelitoa ni shangazi, dada yake baba. Baba alikuwa dereva wa malori, wiki nyingi yuko njia ya Mombasa, na akiondoka nyumba inakuwa ya shangazi. Shangazi alikumbuka kwamba mama aliwahi kunywa pombe ya mtama kwa jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Kwetu Rwanda, mwenye nyumba huonja kinywaji kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha hakina sumu, ndipo ampe. Siku ile jirani alisahau kuonja. Kesi ikaisha hapo.

Jumamosi niliporudi kutoka shuleni niliwaeleza kila kitu, vali na maji, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, maana mama alilelewa Bujumbura na ndiyo lugha aliyotulelea.

"Wewe umeshika moyo ya ng'ombe, basi umekuwa daktari?" shangazi aliuliza. "Huyu wamemuroga. Hospitali haiwezi kutoa sumu. Iko watu wa kazi hiyo."

Nilimgeukia mama. "Mama, twende hospitali."

"Msikilize shangazi yako, mwanangu," alisema, akafumba macho.

Hilo ndilo lililonikata maini. Shangazi nilimjua, mama sikumwelewa.

Tulimpeleka Gatsata kwa mtu wa kutoa sumu. Akamnywesha maji ya majani, machungu kwa harufu tu, na mama akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Mganga akachokoa matapishi kwa kijiti, akainua kitu cheusi, akatangaza ndiyo yenyewe. Shangazi akapiga vigelegele. Nilisogea nikatazama. Mmeng'enyo wa chakula tulikuwa tumeumaliza muhula uliopita, na ganda la harage nalijua nikiliona. Nikasema. Walinitoa nje.

Jirani aliyapata yake. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao akifika. Hakuna aliyecheza tena na watoto wake. Vita vilikuwa kaskazini, redio kila siku inatafuta wabaya, na watu wa mtaa wetu hawakuhitaji kusukumwa ili kumchukia mtu. Mwishowe alifunga magodoro yake akahamia Masaka bila kumuaga mtu. Alikuwa mwanamke mpole, na mimi hasira yake naibeba mpaka leo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuruhusiwa hata kukasirika.

Alasiri moja nilikuwa nampaka mama mafuta miguuni. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Uvumilivu ukaniisha.

"Mama, kweli unaamini alikupa sumu?"

"Hakunipa kitu," alisema. "Ni moyo. Daktari alituambia Bujumbura, nikiwa msichana."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba yako hajui. Shangazi yako hajui. Wakijua, watasema nimeingiza ugonjwa kwenye ukoo wao. Watu wakija kuposa wanauliza kwanza, damu ya mama ikoje? Nani atakuoa wewe na wadogo zako? Aliyerogwa, hata akifa, binti zake wanaolewa."

"Na yule mama wa watu uliyemwacha asingiziwe?"

Aligeuzia uso ukutani. Nilimpenda mama yangu, na dakika ile nilitamani kumtikisa.

"Mama," nikasema, "ugonjwa huu haurithiwi. Unaanza na koo la mtoto. Koo linauma, homa inapanda, viungo vinavimba, halafu vali inaliwa. Haumo kwenye damu yako. Hukutupa sisi."

Akanigeukia. "Mtawa ndiye aliyesema?"

"Ndiye."

Aliitazama miguu yake, akihema kwa shida.

"Kumbe ningeweza kwenda hospitali," alisema.

Mama mwenyewe alipoomba, shangazi hakupinga, tukampeleka kesho yake, kwenye gari la fundi mmoja wa gereji. Daktari alimsikiliza kifua, akabonyeza miguu, akatugeukia kwa ukali akauliza tulikuwa wapi miezi yote hii. Mama alishafikia hali ya kutoweza kuzungumza, na hakuzungumza tena mpaka mwisho wake. Nilifungua mdomo nijibu. Shangazi akaniwahi, amekumbatia furushi la nguo za mama, kichwa juu.

"Tulikuwa tunamtibu," alisema.