Kodi ya Kupimwa kwa Viatu

Mama Geti alikuwa na kanuni moja: hakutaja kodi ya chumba mpaka aangalie viatu vya anayekitaka. Jina hilo alipewa kwa sababu alisimama getini kama karani wa forodha, akimkagua kila mgeni kuanzia chini. Kanuni hiyo mwenyewe aliiita ujanja wa biashara. Mimi naiita dhuluma, na sina neno lenye adabu zaidi.

Vyumba vya uani vilikuwa viwili, mapacha kabisa: dirisha mojamoja, sakafu ya saruji, bomba la pamoja. Kimoja alikichukua fundi viatu, aliyekuja na kandambili zilizofungwa kwa waya, akatajiwa bei ya huruma. Cha pili alikipata muuguzi, binti aliyetoka kazini na viatu vyeupe vinavyong'aa. Yeye alitajiwa bei hiyohiyo na nusu yake juu. Hakubisha, alidhani ndiyo bei ya mtaa.

Mume wa Mama Geti alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni. Kila asubuhi, kabla ya zamu, muuguzi alikisafisha na kukifunga upya. Mwaka mzima, bure.

Siku moja, wakisubiri ndoo zijae bombani, fundi alilalamika kwamba kodi yake ni kubwa, akaitaja. Muuguzi akaacha ndoo palepale, akaenda getini.

"Mama, vyumba ni sawa. Mbona kodi si sawa?"

"Yule ni fukara, mwanangu. Wewe una mshahara."

"Nimepanga chumba, mama. Mshahara wangu haulali humu."

"Basi hama. Wanaokitaka wamejaa barabarani."

Mzee alisikia yote akiwa barazani. Alimsihi mkewe asawazishe bei. Akajibiwa kwamba mguu wake ndio umeoza, si akili ya mwenye nyumba.

Muuguzi alihama Jumamosi. Waliokuja baada yake walipitia kwanza kwa fundi, naye, huku akishona soli, aliwaeleza nani alilipa ngapi na kwa nini. Wakageuza. Mama Geti hakushusha bei hata senti. Kidonda akakifunga mwenyewe, kwa haraka na kwa kinyaa, siku alizokumbuka tu.

Kidonda kikaoza, na hospitali ikamkata mzee mguu chini ya goti. Binti yao wa kuzaa akamchukua akakae kwake, na mzee hajarudi. Kanuni ile ilimgharimu Mama Geti miezi saba ya chumba kitupu, mguu wa mumewe, na mume mwenyewe.