Meno Aliyovalishwa Mke Wangu

Kinyaa kilinianza kwenye meno. Naliweka hilo mwanzoni kabisa, maana nina tabia ya kuanza na ng'ombe nikamalizia kanisani, msomaji akabaki njiani. Mke wangu alifariki, mtoto wetu wa kiume akataka kumwekea mama yake picha kaburini, na picha aliyoitengeneza ilikuwa na meno meupe.

Sisi wa upande huu wa mlima Meru meno yetu ni ya kahawia. Si uchafu. Maji yanatoka mlimani na madini yake, mtoto anayanywa tangu hajaota meno, basi yakiota yanaota hivyo hivyo, na hata upige mswaki mpaka fizi zivuje damu hayabadiliki. Mimi nimeishia darasa la nne, na hilo hata darasani hatukufundishwa, tuliangaliana tu. Watu wa Kilimanjaro waliokuja kufungua maduka Usa River walikuwa wakitutania: "Ninyi mnasukutua kwa chai ya rangi?" Wanaume tulicheka nao. Kwa wanawake haikuwa hivyo. Mke wangu alicheka na pindo la khanga mdomoni maisha yake yote. Akimwona mpigapicha anafunga mdomo kama mtu aliyeficha sukari ndani. Picha ya harusi hivyo, za kipaimara cha watoto hivyo, zote utadhani yuko mahakamani.

Isipokuwa moja. Siku hiyo alikuwa amekalia ndoo anachambua kahawa, na jirani yetu alikuwa anajaribu kamera aliyoachiwa na mzungu mwenye shamba la maua. Mimi nikamwambia mke wangu neno kuhusu mchungaji wetu wa wakati ule na suruali yake. Neno lenyewe siliandiki. Akacheka kabla hajakumbuka khanga, na jirani akabonyeza. Picha ni ndogo, imepauka, uso wake hapo ni kama punje ya hindi. Lakini meno yote yako nje. Nikamwambia mtoto, kama ni picha ya kaburini, ni hii, si nyingine.

Huyo mtoto ni mtu mzima, ana mke na ndevu. Ana chumba cha kuchezea michezo ya kompyuta pale Sekei mjini, vijana wanakuja kukaa humo kutwa nzima. Nilishuka mwenyewe na picha yangu nimeibana ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilipofungua mlango joto likanipiga usoni kama la banda la vifaranga. Madirisha yana mapazia meusi mchana kweupe, na zile mashine zina mapangaboi yanayovuma kama mashine ya kusaga.

"Shikamoo mzee!" wakasema vijana, macho kwenye vioo, hakuna aliyegeuka. Nikaitikia migongo yao.

Mwanangu alifurahi kuniona, siwezi kumsingizia. Akaniketisha mbele ya kioo kikubwa kuliko meza yangu ya chakula. Kwanza akanionyesha mpira. Kila unyasi unauona peke yake, na jasho linateremka shingoni kwa mchezaji, tone kwa tone. Kisha akaweka mchezo wa vita. Mtu akapigwa risasi ya shavu, na mwanangu akausimamisha mchezo pale pale ili nione vizuri shavu lilivyochanika.

"Ona, mzee, ona mpaka vinyweleo!"

Nikaviona. Nilikuwa nimetoka kula ndizi nyama kwa mkwe wangu, na nyama ile ikaanza kunikumbusha kwamba ipo. Mimi nimechinja sana, Krismasi hata Krismasi, damu siiogopi. Ila unapochinja unanusa, unajua umefanya nini. Pale watu wanatafuna karanga huku shavu linaning'inia.

"Na hii bado," akasema. "Kadi ya picha iliyo ndani ya mashine ndiyo injini ya kila kitu. Zinazokuja, mzee, hazitachora picha nzima. Zitachora kidogo, pengine robo, sehemu iliyobaki zinakisia."

"Zinakisia?"

"Zimeonyeshwa picha nyingi mno. Zinajua pale katikati pangekuwa na nini. Ndiyo maana kioo kinazidi kuwa kikubwa na picha inazidi kung'aa."

"Kama yule mtu wa kwenye kikao," nikamwambia. "Mzee akikohoa, yeye anamalizia sentensi."

Vijana wakacheka, na mmoja akasema, "Mzee kaelewa kuliko sisi!" Kumbe sikuwa nimeelewa, maana ningeelewa ningeondoka na picha yangu.

Akaichukua, akaiweka kwenye mashine ya kunakili, akabonyeza anavyojua yeye. Mapangaboi yakapandisha sauti. Ile punje ya hindi ikatokea kwenye kioo, kubwa kama ungo. Ngozi laini kama ya mtoto aliyepakwa mafuta. Macho yanang'aa. Na mdomoni, safu mbili za meno meupe, yamepangana kama vigae vya hospitali.

Nikasukuma kiti nyuma.

"Huyu nani?"

"Mama huyo!"

"Mama wa nani?"

"Mzee jamani."

Kijana mmoja akageuka, mara ya kwanza tangu nimeingia. "Dah, bi mkubwa alikuwa mzuri!"

"Nyamaza wewe, humjui. Na huyo hapo hata mimi simjui."

Nikamwambia mwanangu arudishe meno ya mama yake. Akaandika maneno kwenye mashine, aiamuru iyafanye ya kahawia. Ikavuma, ikatoa. Mungu anisamehe. Ilimpa meno meusi yenye mashimo, fizi zimevimba, mdomo wa mlevi aliyelala mtaroni. Vijana wakasema "Aaa!" na mmoja akaacha karanga zake. Nikafumba macho. Ile mashine inajua meno ya aina mbili tu, meupe na yaliyooza. Ya kwetu haijawahi kuonyeshwa, na isichokijua inakipaka uchafu.

"Kadi ya mwakani itaweza," mwanangu akasema, sauti ndogo.

"Iambie iache kukisia. Ikuze tu kilichopo."

Akafanya. Kikatoka kitu kama ukungu, vipande vipande, huoni mwanzo wa shavu wala mwisho.

"Hiyo hiyo," nikasema.

"Mzee, haiwezekani. Watu watasema nina mashine zote hizi, mama yangu nimemwekea ukungu."

"Waseme."

Nikatoka nje kupata hewa. Akanifuata mpaka barabarani, na hapo ndipo aliponiambia neno ambalo bado linanikwaruza. Asemwe anavyosemwa, huyu mtoto alimpenda mama yake.

"Baba, mama aliyaficha yale meno maisha yake yote. Kila picha kafunga mdomo. Nimempa alichokitaka, na wewe unakitapika."

Nikamwangalia mdomo wake. Meno yake ni meupe. Aliyavalisha kofia nyeupe kwa daktari wa meno, kufunika kahawia, kabla ya kuoa. Siku ile sikumwuliza kwa nini, na mama yake alimsifia, halafu akaenda jikoni akakaa huko kwa muda.

"Aliwaficha watu," nikamwambia. "Mimi hakunificha. Na pale kando yake nitakuja kulala mimi, si wewe. Sitaki kulala na mgeni."

Akarudi ndani kwenye joto lake.

Siku ya ibada ya kumbukumbu nilipanda mapema migombani, kaburini kwake, kumngojea fundi wa vigae, nikiwa tayari kugombana. Sikugombana. Kigae chenye picha kilikuja kimefungwa kwenye gazeti, nikafungua, ni ule ukungu. Mwanangu aliupeleka kuchapwa bila kuniambia. Fundi akakiangalia, akaniuliza kama kiwanda kimekosea. Nikamwambia weka.

Nikadhani yameisha. Kumbe ndugu wa mjini wameshachapisha fulana za ile picha ya kwanza. Gari likasimama, wakashuka wakwe, wajukuu, wanakwaya, na kila kifua kina yule mwanamke wa meno meupe. Nilizungukwa naye. Akija huyu kunipa pole, ananichekea. Mchungaji anaomba, mimi nimeinamisha kichwa, nikiinua namwona yule yule mara kwa mara, mmoja amevimba juu ya kitambi cha shemeji yangu wa Arusha mjini. Kinyaa cha siku ile sijawahi kukipata hata kwenye josho la ng'ombe.

Mdogo wa marehemu, bibi mwenye mdomo wake huyo, alipewa fulana akaikunjua mbele ya watu.

"Na huyu ni nani amekufa?"

"Ni dada yako, bibi," wakamwambia.

"Dada yangu? Haya meno yamemwotea kaburini?"

Wakwe wakaangalia chini. Yeye akacheka mpaka akashika mgomba, mdomo wazi, meno yake yote ya kahawia juani, bila kujifunika chochote. Mwanangu alikuwa amesimama karibu. Nilimwona anavyomtazama mdomoni yule mama yake mdogo, akatazama sana, halafu akaenda kusimama kwenye kigae mpaka chakula kikaiva. Sikumfuata.

Fulana yangu ninayo. Waliponiachia niliipeleka moja kwa moja bandani, niifanye tambara la kufutia chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua. Nikailowesha kwenye maji ya moto, nikainama. Nikashindwa. Meno si yake, ngozi si yake, lakini kitambaa cha kichwani ni chake, na kwenye lile paji la uso ule mdude wa kukisia haukupata cha kuongeza. Nikaikamua, nikaianika nyuma ya nyumba ambako watu hawapiti, na ilipokauka nikaikunja uso ndani.