Sili ya Tyubu

Harufu ya oili ya haidroliki kwenye gereji hapa Shirere hunirudisha nyumbani, siku silinda ya kuinua plau ya trekta yetu ilipochoka ikaanza kuvuja. Baba mdogo aliifungua, akakata sili mpya ya kuzuia oili kutoka kwa tyubu ya baiskeli.

“Mpira wa baiskeli utaweza oili kweli?” Mama akamuuliza. “Si ungoje sili ya duka?”

“Shemeji, wewe pika obusuma. Mvua inangojanga nani?”

Plau ikapanda, tukashangilia. Kaka yangu akaingia chini yake kukwangua matope. Mpira ukapasuka, plau ikamshukia.

Matangani walisema Mungu amemchukua. Mungu hakukata tyubu. Baba mdogo ndiye aliyeikata, na mpaka leo akija kutusalimia, mimi humnawisha mikono kabla ya kula.