Trampolini Haina Freni

Kuna dimanche moja, siku ya misa, mwana yangu, nikiikumbuka, masikio inaniwaka moto mupaka leo. Na juu uliniuliza jana, mbele ya batu yote, kama ununulie batoto yako ile trampolini yenye uliona kwa muzungu wa barabara ya juu, mi nitakuelezea ile dimanche mwanzo mupaka mwisho. We ulikuwa kule Nzilo na kazi yako ya barrage, ile ukuta ya kuzuia maji, njo maana ulisikia kipande tu. Na kile kipande, najua, balikitia chumvi. Najua juu mutu wa kwanza kukitia chumvi ni mi mwenyewe.

Unacheka kuona nakuita mwana yangu. Ni kweli, tunapitana miaka mbili tu. Tuliiba mapera pamoja, na tulipigwa fimbo moja. Lakini baba yako ni yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, mi njo baba yako mudogo, na kwa siye ubaba haupimwi na ndevu. Basi kaa chini. Baba anasema.

Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Masomo yangu iliisha ku primaire, shule ya musingi, nilikuwa musaidizi wa mekaniki ku Mutoshi, na kinywa yangu ilikuwa inakimbia kupita miguu. Ku kilio, balikuwa bananikalisha mbali na mufiwa, banaogopa nitamuchekesha. Mi nilikuwa naona ile ni sifa.

Nilikuwa nimeoa Ngoie, na Ngoie alikuwa na mimba ya kwanza, siku za mwisho-mwisho. Tulikaa mu lupango, ile kiwanja ya baba yako. Mama yake alikuja na train kutoka Kasaji, kuja kusaidia binti yake kuzaa. Sasa unajua bukwe vile iko kwa siye: mama mukwe haingie mu nyumba ya mukwe yake, hakule naye, hamuangalie mu macho. Ukikutana naye mu njia, we unatoka mu njia, unaangalia majani sawa vile umepoteza kitu. Njo vile mama alifikia kwa dada yake, mama Kaseya, nyuma ya ukuta yetu. Mi na ye tulikuwa tunasalimiana kupitia Ngoie. Asubui ananiletea jambo ya mama, mangaribi anarudisha jambo yangu.

Ile wakati, muzungu moja, injenia, alikuwa anarudia kwabo, anauzisha bitu yake yote. Mupishi yake alikuwa rafiki ya baba yako. Ile dimanche, kisha misa, tukaona anafika anasukuma pusipusi, juu yake bomba za chuma.

"Tata Ilunga," anaambia baba yako, "muzungu amesema mujaribu leo. Kesho munamupa jibu. Iko batu wengine banaingoja."

Tukaiunga nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, juu fasi ingine ilikuwa na mihogo. Bomba za kuzunguka, resori mingi-mingi, zile chuma za kuvutika, na turubai nyeusi katikati. Baba yako akaizunguka mara tatu, mikono ku mugongo.

"Hii kitanda inalalisha batu ngapi?"

"Haiko kitanda, tata. Ni ya kuruka."

"Kuruka kwenda wapi?"

"Hakuna fasi, tata. Unaruka, unarudi pale-pale."

"Na batu banalipa kwa ile?"

Batoto balikuwa bamesimama pale, macho sawa sahani. Baba yako alikuwa ameweka kitu kidogo kwa kununua manjanja ya jikoni, mabati ya kufunika juu, juu mvua ilikuwa inapikia na siye mu chungu moja. Ilikuwa ao manjanja, ao trampolini. Mi nikaona yaya anaanza kutikisa kichwa.

"Yaya, usikatae kitu haijajaribiwa. Acha mi nipande."

Ngoie alikuwa ku mulango, mukono ku mugongo. Akaniambia: "Baba, ngoja kidogo. Acha nizunguke kwa mama Kaseya kwanza, niwaambie."

"Uwaambie nini? Mama yako anahusika nini na kuruka kwangu?"

Shika ile maneno, mwana yangu. Ile njo nilipoangukia, mbele ata sijapanda.

Nikavua viatu. Nikaruka kidogo, batoto bakapiga mikono. Nikaruka tena, bakapiga kelele. Basi mi, ukinipigia mikono, akili inatoka. Nikakunja magoti, nikasukuma na nguvu yangu yote ya kule atelier ya mekaniki, na nikapanda. Ukuta ikashuka mbele yangu. Kichwa ikapita, kifua ikapita.

Fasi ya kuogea ya mama Kaseya ilikuwa majani pande ine, na juu hakuna kitu. Mule ndani alisimama mama mukwe yangu, kichwa nyeupe na povu ya sabuni, anaimba wimbo ya misa.

Tukaangaliana.

Mi nikashuka. Nikasema mu roho: simama, simama. Mwana yangu, trampolini haina freni. Ilinipokea muzuri, ikakusanya nguvu yake, ikanirudisha juu. Mara ya pili alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameshika basani mbele yake, na macho yake ilikuwa inaangalia juu ya ukuta, sawa mutu mwenye kungoja kuona kama ni kweli. Na mi, sijui nani alinisukuma, kinywa ikafunguka yenyewe:

"Jambo, mama."

Nikashuka. Nikarudi juu. Mara ya tatu niliona basani tu, imegeuzwa, na sauti inatoka chini yake: "Mamaaa weee!"

Kisha nikaanguka ku mihogo.

Baba yako akanikaribia polepole.

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu, yaya."

"Sasa ulisalimia nani?"

Ngoie alikaa chini mu vumbi, nguo yake ya misa, mikono ku tumbo. Hakunitukana. Aliniangalia vile unaangalia mutu mwenye kuvunja kitu haiuzishwe ku duka yoyote. Kisha akasimama, akazunguka kwenda kwa mama yake.

Baba yako akaniambia: "Sikia. Jicho haina kosa, haukufanya kusudi. Mangaribi mi nitaenda kuona mama Kaseya, tutaongea kizee, itaisha. We kaa hapa. Na ile kinywa, uifunge mupaka nirudie."

Niliweza kukaa? Saa moja nilikaa. Haya ilikuwa inanitafuna, na mi dawa moja tu nilijua ya haya: kuigeuza kicheko mbele haijanimaliza. Nikaenda kwa ule mama mwenye kuuzisha munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, pale bandugu zangu ba kazi banakutana. Kikombe ya kwanza, nilinyamaza. Ya pili, moja akaniuliza: "Mbona uko na majani ya mihogo mu nywele?"

Basi nikaelezea. Na sikuelezea tu: nilipanda ku kiti, nikaruka mara tatu, nikafanya povu, nikafanya wimbo, nikafanya basani. "Jambo, mama!" Balianguka chini. Moja alimwaga munkoyo yake yote. Balilomba nirudilie, nikarudilia. Nikajiona mufalme. Nilirudi nyumbani napiga muluzi.

Kesho yake asubui Ngoie akarudi kutoka kwa mama yake. Alisimama mbele yangu, na nikashangaa kuona hakuna machozi. Ile ilinishitusha kupita kilio.

"Jana mangaribi mama alikuwa amesamehe," akasema. "Yaya alikuja, balizungumuza, mama akasema mutoto aliruka tu. Nilitaka kukuambia, nikakukuta unakoroma. Leo asubui mama alichukua ndoo, akaenda ku robinet, pale batu banachota maji. Unajua banamama balimupokea namna gani?"

Sikujua.

"Baliruka, baba. Na ndoo zabo. Banaruka, banasema: Jambo, mama."

Nikafungua kinywa. Hakukutoka kitu. Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu.

"Mama anapanda train ya kesho," Ngoie akasema. "Mi naenda naye. Mutoto atazaliwa Kasaji, na kule-kule batamupa jina."

Umesikia? Jina. Mutoto yangu ya kwanza, jina ya baba yetu yenye tulikuwa tumemuwekea, iachwe, batu wengine bamupe ingine, sawa vile mutoto hana baba. Na kwa haki. Mutu mwenye kuuzisha haya ya mama kwa kikombe ya munkoyo, atalilia jina gani?

Nikakimbia kwa baba yako. Alikuwa anafungua resori za trampolini, moja-moja, anaziweka mu gunia. Hakuinua kichwa.

"Mi nilikuambia nini?"

"Nifunge kinywa."

"Mi nilienda pale kuzima moto, na we nyuma yangu ulikuwa unaleta kuni. Macho yako ilichukuliwa na chuma ya muzungu, hii haiko kosa yako. Kinywa yako, nani aliichukua? Iko na resori?"

Mwana yangu, nilipigwa na batu mingi, ata na mwalimu. Hakuna fimbo iliniuma sawa ile maneno.

Akanivalisha koti yake, tukazunguka. Mama Kaseya akatukalisha mu barza. Mi nilikaa kuangalia inje, mugongo ku nyumba. Mama mukwe alikuwa ndani, nyuma ya rido, ile pazia ya mulango, na maneno yake ilikuwa inapita kwa dada yake, ata kama siye yote tulikuwa tunaisikia. Njo bukwe vile inataka.

Nikaanza: "Mama Kaseya, mwambie mama, mi ni punda, tena punda mwenye kuruka..."

Baba yako akanikanyaga kidole ya muguu. Kisha nikasema bila mapambo: "Mwambie mama nilikosa. Sitafuti sababu."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya rido, polepole.

"Dada, mwambie ule kijana: jana, kisha kumaliza kutetemeka, mi nilikaa ku kitanda, na nikasikia kicheko inanipanda. Ule mutoto mu hewa, ananiambia jambo! Nilijifunika muto ya kulalia ku kinywa. Nikasema: hii nitaipeleka Kasaji, nitaielezea banamama benzangu, tutacheka mupaka tuzeeke. Ile kicheko ilikuwa yangu. Ye akaichukua, akaigawa kwa batu mi siwajui. Leo banacheka, na mi haniko ndani. Banacheka mi."

Mama Kaseya akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie," sauti ikasema, "sitaki kuku, sitaki kitambaa. Aende ku robinet leo saa kumi, banamama bakijaa. Aseme kosa yake. Na asichekeshe. Mutu moja akicheka, mi napanda train na binti yangu."

Kwa mutu mwingine, ile ingekuwa kazi ndogo. Lakini mi? Ku cité, mutaa yetu yote, nikikohoa tu, batu banaanza kucheka.

Saa kumi nikafika. Ndoo mingi, banamama mingi, na Ngoie mbali kidogo, pembeni ya mama Kaseya. Baliponiona, moja akaanza kuinua kisigino. Mi nikasema: "Mama, lomba usiruke." Midomo yabo ilikuwa tayari, inangoja neno. Na neno zilinijia, mwana yangu! Zilikuja kumi, tamu-tamu, zimepanga mustari ku ulimi. Nikazimeza moja-moja.

Nikasema: "Ule mama alikuwa kwa dada yake, anaoga sawa mutu yoyote. Kosa yake haiko. Mi njo nilipanda bila kuambia jirani. Mi njo nilienda kuelezea. Alikuja kunizalishia mutoto, na mi nikamufanya muchezo. Mukitaka kuruka, murukie mi."

Robinet ilikuwa inamwaga maji, hakuna mutu aliifunga. Kijana moja wa kazi yetu, pale nyuma, aliachilia kicheko nusu. Mama moja muzee, mbele sijageuka, alikuwa tayari amemupiga kofi. Akaweka ndoo yake chini, akaniambia: "Basi, mwana. Imeisha. Enda kwako."

Machozi ilinitoka pale, mbele ya ndoo zote. Na hakuna mutu alicheka.

Mama hakupanda train. Mutoto alizaliwa siku ya ine, na anaitwa jina ya baba yetu. Trampolini ilirudi ku pusipusi, batoto bakalia siku mbili, na baba yako akanunua manjanja.

Sasa jibu yako, Kabwe. Kama jikoni yako inanyesha, anza na jikoni. Kama hainyeshi, nunua, mi sikukatazi, batoto baruke. Lakini mbele ya kuunga ata resori moja, zunguka kwa majirani yako, pande yote, na bibi yako pembeni. Piga hodi, uwaambie: tunaleta kitu yenye itatupandisha juu ya ukuta yenu, munasema nini? Banamama bafunike fasi zabo za kuogea, we njo ukate majani. Fasi ikikosekana mbali na ukuta, ngoa mihogo. Na bibi yako akikuambia "ngoja kidogo", ngoja.

Kisha, siku moja, ata ukifanya ile yote, utaona kitu haikuwa yako kuona. Itatokea. Hapo macho haitakuwa na kosa. Shuka, nyamaza, enda kulomba samahani kwa mwenye uliona, kwa ye peke yake. Kama iko kitu ya kucheka, ye njo atachagua siku ya kucheka, na kama ana roho ya muzuri, atakuita mucheke pamoja.

Mungu alinde lupango yako, mwana yangu. Batoto yako baruke na bashuke bazima, kinywa yako iwe nzito pale inapaswa kuwa nzito, na majirani yako, mupaka uzee wako, bakusalimie bila kugeuza macho. Enda na baraka ya baba yako mudogo.