Wifi Aliyepotewa na Njaa

Pyo Mallye aliolewa na kaka yangu akiwa msichana mwenye mashavu yaliyojaa, akaja kwetu Gimcheon, Korea, na hamu ya kula iliyomtia mama yangu wasiwasi. Kaka alipofariki, wifi alifungua mkahawa wa supu ya mifupa ya ng'ombe pale sokoni, jirani na kibanda changu cha dagaa wakavu. Kila aliyepita aliulizwa, "Umekula?" Kwetu hiyo ni salamu tu, lakini wifi alikuwa akisubiri jibu.

Kisha ikaja saratani ya tumbo. Madaktari wa Daegu walimwondolea mfuko wote wa tumbo, wakaunganisha umio na utumbo moja kwa moja. Saratani ikaondoka nao. Tulidhani yamekwisha.

Aliporudi nilimpelekea uji wa mchele. Aliutazama kwa adabu, namna unavyomtazama mtoto usiyemjua ni wa nani.

"Kula basi, wifi. Au wataka nikulishe kama bibi harusi?"

"Sina njaa."

"Tangu lini wewe ukakosa njaa?"

"Najipapasa ndani, siioni. Ingekuwa imelala ningeijua. Haipo."

Alifungua tena mkahawa. Supu yake ilikuwa ile ile, lakini alipofunua chungu, mvuke ukimpiga usoni, macho hayakutikisika. Aliweza kupitisha siku nzima bila kutia kitu mdomoni, wala asijue. Nguo zikaanza kumning'inia.

Siku moja alinikamata mkono mbele ya jiko.

"Sikiliza nikisema. Sina njaa. Umesikia hiyo sauti?"

"Sauti yako ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo yangu. Ni ya mama."

Ndipo aliponisimulia. Utotoni mwake, majira yale ambayo akiba imekwisha na shayiri haijaiva, mama yake alikuwa akichemsha magome ya msonobari na kuwagawia watoto. Yeye mwenyewe alisema hana njaa, ameshiba, kisha akageuza uso ukutani. Watoto walimwamini. Alikufa kabla ya mavuno. Mwanawe wa kiume, nduguye wifi anayekaa Seoul, ambaye kwa mila ndiye wa kumtambikia, aliacha matambiko alipobatizwa, kwa hiyo kwa miaka mingi hakuna aliyemwekea marehemu yule hata kijiko cha wali.

"Sasa amekuja," wifi alisema. "Yuko pale kwenye gunia la chumvi. Amekunja miguu, anatazama chungu."

Nilijitia ujasiri. "Mwambie aende zake. Hapa ni pa biashara."

"Nitamwambiaje? Ananisubiri nile kwanza."

Jioni ya tambiko la kila mwaka la marehemu kaka tulikusanyika nyumbani kwangu. Tulimpangia nyama, mapeasi na keki za mchele, tukamchomekea kijiko kwenye wali, tukatoka chumbani ili ale bila kutazamwa. Tuliporudi, tukamkuta wifi ndani. Hakuwa ametoka na sisi. Alikuwa amekaa upande wa marehemu, mgongo kwenye pazia lililo nyuma ya meza ya tambiko.

"Toka huko!" shangazi yetu alipiga kelele. "Unajitafutia balaa?"

"Hawa ndio wenzangu, shangazi," wifi alijibu kwa upole. "Nao huandaliwa meza, kisha chakula kinaondolewa kama kilivyowekwa."

Nilimvuta, nikampa keki zile za mchele zenye asali na ufuta apoze maneno. Kwa aibu alizila upesi, moja juu ya nyingine. Tukaendelea kuzungumza. Baadaye nikaona jasho linamtiririka, vidole vinatetemeka, midomo imepauka, na kabla sijainuka akaangukia vyombo vya tambiko. Shangazi alianza kumsihi kaka amwachie. Na mimi nilimsihi, sitaficha.

Hospitalini kule Daegu tulipokewa na daktari kijana, Tak, mwanamke wa sauti ya chini. Wifi alipozinduka, daktari alikaa kitandani pake.

"Mama, hakuna aliyetaka kukuchukua. Mfuko wa tumbo ndio unaotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Inasafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo, inauambia: tule. Wewe mfuko huna, kwa hiyo mjumbe huyo karibu haji tena. Utumbo nao una homoni zake za kusema: tumetosheka. Sasa chakula kinauporomokea kwa mkupuo, nao unazimwaga nyingi. Ubongo unasikia upande mmoja tu."

"Na kuanguka?" niliuliza.

"Hilo ni la kongosho. Sukari iliingia kwenye damu kwa kishindo, kongosho likatoa insulini kupita kiasi, sukari ikashuka mno. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, apunguze vitamu. Na asisubiri njaa. Atakufa akiisubiri."

Wifi akauliza, "Mwanangu, na mtu mwenye mfuko, ila mfuko ni mtupu? Mjumbe huyo anamjia?"

"Huyo anajiwa bila kukoma, mama. Hata usingizini."

Wifi alijifunika shuka usoni.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi nilimwambia, "Mimi njaa ninayo ya kutosha watu wawili. Ikinishika nitakuita, tutakula pamoja."

"Kwa ulafi wako? Utaniua kwa kunivimbisha!"

Lakini alikubali. Tumbo langu likinguruma nilipaza sauti kutoka kibandani, "Wifi, imefika!" na soko zima likacheka. Alikula vijiko vichache, akitafuna kama anayefanya kazi ya mtu mwingine. Mwili wake ukaanza kurudi kidogo.

Mama yake hakuondoka. Siku moja ya baridi, mchana, mkahawa ukiwa mtupu, wifi alipakua bakuli la supu hadi ukingoni, akaliweka sakafuni karibu na gunia la chumvi pamoja na wali na kijiko. Akachuchumaa.

"Mama," alisema, "ulikuwa na njaa?"

Mimi niliyekuwa mlangoni sikuona mtu. Nilimwona wifi tu, macho yamekazwa mahali pamoja, na kichwa chake kikaanza kupanda na kushuka taratibu, kama anayemfuatisha mwingine anayeitikia kwa kichwa. Alilia bila sauti. Kisha akaja mezani, akajipakulia, akala bila kuitwa na mtu.

Nilikuwa nimetoka kula muda mfupi tu kabla ya hapo. Hata hivyo nilipokaa mbele yake nilishikwa na njaa ya ajabu, njaa ya kukwangua, iliyonipanda hadi kwenye meno. Nilikula bakuli moja, nikala la pili. Haikupungua. Wifi aliweka kijiko chini, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Endelea," alisema. "Mwache mama ashibe."