Vishindo vya Kinu Ghorofa ya Tatu

Wenzangu tuliokulia Ng'ambo ya Unguja miaka ile baada ya Mapinduzi, hivi mnaikumbuka siku mliyopanda ngazi za kwenu kwa mara ya kwanza? Sisemi ngazi ya mbao ya kupandia darini, wala zile za majumba ya Mji Mkongwe ambazo wengi wetu tulizipanda tukitumwa tu. Nasema ngazi za saruji, za kukufikisha mlangoni kwako mwenyewe. Za kwetu zilikuwa hamsini na nne. Nilizihesabu nikipanda, nikazihesabu tena nikishuka, kuona kama hesabu itakuwa ile ile, mpaka mama akaniuliza nani amenituma kuzikagua.

Majumba yale hayapo tena. Juzi nilipita pale, nikakuta uwanja umezungushiwa mabati. Nikachungulia kwenye tundu la bati, nikaona shimo na maji ya mvua. Nikainua kichwa nikatazama juu, nikawa natafuta hewani mahali ilipokuwa roshani yetu. Waliopita nadhani waliniona kizee kilichorukwa na akili, lakini nilipapata. Ilikuwa usawa wa pale kunguru alipokuwa akipita.

Tulihamia pale nikiwa na miaka tisa. Kabla ya hapo tulikaa nyumba ya udongo na makuti, na choo uani. Baba alikuwa seremala, na jina lake lilipotoka kwenye orodha ya watakaopewa nyumba mpya alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Tulipewa vyumba viwili, jiko, na choo ndani. Choo ndani! Bibi yangu mzaa baba alipoambiwa alisema hatokuja kututembelea, maana yeye hawezi kula nyumba moja na choo. Alikuja, akala, na chooni akaenda.

Mimi kile choo kilinisumbua kwa namna nyingine. Unavuta mnyororo, maji yanashuka kwa ngurumo, kisha kila kitu kimekwenda. Kimekwenda wapi? Hakuna aliyenijibu. Basi siku moja nikatia ndimu, nikavuta mnyororo, nikashuka mbio ngazi zote hamsini na nne kwenda kuingojea mtaroni. Nilikaa pale tangu saa tatu mpaka adhana ya Adhuhuri. Ndimu haikutokea. Kilichotokea ni baba na fundi wa mabomba, na kipigo nilichokipata nakikumbuka vizuri kuliko ndimu yenyewe. Wajukuu zangu leo kila kitu wanauliza simu. Jibu wanalipata upesi, lakini hawajui raha ya kukaa mtaroni asubuhi nzima unangojea kitu ambacho huna hakika kama kitakuja.

Siku ya kuhama, baba alisimama mlangoni pa nyumba ya zamani akimtazama mama anajitwisha kinu.

"Hicho kinabaki, Tatu," alisema. "Ghorofani watu hawatwangi."

"Kwani watu wa ghorofani hawali?" mama akamjibu, akatangulia.

Mama alikuwa akipika vitumbua vya kuuza. Mchele ulirowekwa asubuhi, na baada ya Alasiri akautwanga. Kule kwenye nyumba ya udongo, ardhi iliyameza mapigo ya mchi, hata ukiwa chumba cha pili huyasikii. Kwenye saruji ilikuwa kitu kingine. Sakafu ilikuwa ikirindima, vikombe vinagongana kabatini. Na siku ya tatu tu tangu tuhamie, tukasikia jibu kutoka chini. Ko, ko, ko. Mtu alikuwa akigonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

Mama akasita, mchi uko juu. Akaangalia sakafu. Kisha akaendelea kutwanga.

Chini yetu alikaa Bi Zuhura na kaka yake, Bwana Hilal. Walikuwa watu wenye asili ya Uarabuni, zamani wakikaa Mji Mkongwe katika nyumba yao wenyewe, na Bwana Hilal alikuwa fundi saa mwenye duka. Vipi walifika kwenye majumba yetu sikujua. Nilipouliza nyumba yao imekwenda wapi, baba aliniambia nikasome. Mambo ya mwaka ule wa Mapinduzi hayakuzungumzwa mbele ya watoto. Watu wazima walikuwa wakisema "mwaka ule", kisha mtu akakohoa, kisha wakaanza kusema habari za mvua.

Bwana Hilal hatukumwona kabisa. Bi Zuhura tulikuwa tukimwona ngazini, buibui limebana uso, kikapu mkononi, anapita ukutani kabisa kama mtu anayempisha mtu mwengine. Mama alikuwa hamsalimii.

"Anajiona bado yuko kwao," alikuwa akisema. "Mie mchele wangu nnautwanga ndani mwangu. Agonge mpaka ufagio uvunjike."

Na kila Alasiri ikawa hivyo. Mama juu, ufagio chini. Mimi nikawa nalala kifudifudi sakafuni, sikio kwenye saruji, nataka kujua kuna nini huko. Nilisikia saa, nyingi, zikipiga kila moja kwa wakati wake.

Wale mliokaa ghorofa mnajua kwamba kule vitu vinaanguka. Soksi, kijiko, kofia, chochote cha wa juu siku moja kitakuwa kwa wa chini. Siku moja upepo ulikichomoa kisutu cha mama kwenye kamba. Ilikuwa kanga yake ya harusi, aliyopewa na marehemu mama yake. Tuliinama roshanini tukaiona imetanda juu ya roshani ya Bi Zuhura, nyekundu, kama imealikwa.

"Nikaifuate?" niliuliza.

"Huendi popote. Akiwa na adabu ataileta."

Siku ya kwanza haikuletwa. Ya pili haikuletwa, na kule roshanini haipo tena. Siku ya tatu mama alitoka roshanini kila mara kuchungulia chini, na mimi nikajua anaumia. Lakini nisiwadanganye, sikushuka kwa sababu ya huruma. Nilishuka kwa sababu sasa nilikuwa na kisa cha kubisha mlango ule.

Alifungua kidogo, jicho moja tu likaonekana.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Bi Tatu, wa juu. Nimefuata kisutu."

Mlango ukafunguka wote. Aliniingiza, akaniketisha, akanipa kashata ya nazi. Kisutu kilikuwa juu ya mto, kimefuliwa, kimekunjwa, kimefukizwa udi.

"Nimekiweka tangu juzi," alisema. "Kila nikitaka kupanda miguu inanirejesha. Nnasema, huenda mama yako akadhani nimekuja kugomba."

Kando ya dirisha alikaa mzee mwembamba, kikuza, kile kioo cha mafundi saa cha kukuzia vitu, kimebanwa jichoni, mbele yake saa iliyofunguliwa tumbo. Akanionesha kwa kidole nisogee. Nikainama nikaona magurudumu madogo kama magamba ya dagaa, yakizunguka. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nikamuuliza gurudumu gani ndilo linaloamrisha mengine.

"Hilo ndilo swali," akasema Bwana Hilal, na akatabasamu. Akaanza kunionesha.

Hakumaliza. Juu yetu mama alianza kutwanga.

Nilikuwa sijui vishindo vile vinasikikaje ukiwa chini yake. Vilikuwa kama mtu anavunja mlango kwa gogo. Kikuza kilimwanguka Bwana Hilal. Akainuka bila ya kunitazama, akaenda akajibana baina ya kabati na ukuta, akachutama, mikono masikioni. Mzee mzima, na kanzu yake safi. Midomo ilikuwa ikimwenda. Bi Zuhura akachukua ufagio, akagonga dari. Ko, ko, ko. Nilimwona uso wake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa akibembeleza.

"Kila kishindo anadhani wamekuja tena," aliniambia taratibu. "Mwaka ule walianza na mlango."

"Kina nani?"

Akanishika bega. "Wewe mdogo. Mama yako anatafuta riziki, na mie siwezi kumwambia asitwange ndani mwake. Lakini usimwambie mtu habari za kaka yangu. Watasema ana wazimu."

Nilipanda na kisutu mkononi, nikasema nimekiokota ngazini. Mama alikinusa, akanitazama, akakitia sandukuni.

Siku nne nilikaa na siri ile. Mtoto niliyezoea kuuliza kila kitu, sasa nilikuwa najua kitu na nikatamani nisingekijua. Kila mama alipoinua mchi nilikuwa nafumba macho. Siku ya tano mama aliinua mchi, na mimi nikaudaka kwa mikono miwili, nikaanza kulia.

"Usipige, mama. Mzee wa chini anajificha nyuma ya kabati."

Nikamweleza yote. Nilitarajia aniulize, au anipige kwa kwenda nilikokatazwa. Hakufanya lolote. Aliuweka mchi chini taratibu, kama anayelaza mtoto, akakaa kitako kwenye ile sakafu. Mchele wa siku ile haukutwangwa.

Kesho yake baada ya Alasiri alijitwisha kinu akashuka nacho ngazi zote mpaka uwanjani, chini ya ukuta wenye kivuli. Majirani walipomuuliza kulikoni, alisema dari la watu linadondosha chokaa. Haikupita wiki wanawake wengine nao wakateremsha vinu vyao, maana wote walikuwa wamechoka kugombana na wa chini yao. Uwanja ukawa na vinu vitano, sita. Huyu anatwanga mchele, yule kisamvu, michi inapishana, vicheko juu yake, na sisi watoto tunaruka kamba kwa mapigo yale yale. Kutoka mbali, uwanjani, kwenye udongo, kilikuwa kishindo cha kawaida tu. Mwezi wa pili hivi tangu vinu viteremke niliinua macho nikamwona Bwana Hilal amesimama roshanini, anatuangalia. Akanipungia.

Kisha siku moja Bi Zuhura alishuka na sinia la mchele uliorowekwa. Michi yote ikasimama. Akatoa salamu, akauliza kama kuna kinu kilicho wazi. Mama akamsogezea chake. Bi Zuhura akaushika mchi kama mtu anayeshika nyoka, akaupiga pembeni, mchele ukaruka mpaka kifuani kwa mama. Alikulia nyumba ambayo walikuwako watu wa kuwatwangia. Mmoja wa wale wanawake akaanza kucheka, na mimi nikaogopa.

"Si kwa mabega," mama akamwambia. Alisimama nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mwenzake. "Uachie ushuke wenyewe. Wewe kazi yako kuupandisha tu. Haya. Tena."

Walitwanga hivyo, mikono minne mchi mmoja, mpaka mchele ukawa unga. Tangu siku ile sahani hazikupumzika baina ya ghorofa ya pili na ya tatu. Bwana Hilal alinifundisha kufungua saa na kuifunga, na alipofariki, miaka mitatu baadaye, mama ndiye aliyekaa na Bi Zuhura siku zote za matanga.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipomuuliza mama. Alikuwa mgonjwa, namkanda miguu.

"Mama, siku ile nilipokwambia habari za Bwana Hilal, mbona hukuniuliza hata neno?"

Aliuvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu.

"Kaka yangu alikuwamo," akasema. "Mwaka ule. Alikuwamo miongoni mwa waliopita wakigonga milango. Alirudi kwetu, siku mbili hakula. Milango ya nani, hakusema, na mie sikumuuliza. Uliponambia, nikasema huenda na mlango wao ulikuwa mmojawapo."

"Ulimwambia Bi Zuhura?"

"Sikuweza," mama akasema. "Nilimfundisha kutwanga."

Siku hizi nakaa kwa mwanangu, kwenye jengo jipya. Lina lifti, maji hayakatiki, na unga wa mchele unanunuliwa umeshasagwa. Sitosema ya zamani yote yalikuwa mazuri, mmesikia wenyewe. Lakini hapa nina mwaka wa pili na sijui juu yangu anakaa nani. Nasikia nyayo nyepesi, na kiti kinakokotwa kila Magharibi. Nilimuuliza mjukuu wangu. Akaangalia simu yake, akasema wakaazi wote wako kwenye kundi la simuni, lakini wa juu mahali pa jina ameandika nambari ya mlango tu.

"Ana shida gani, Bibi? Anakupigia kelele? Nimwandikie?"

Nikamwambia asiandike. Wiki iliyopita nilifanya kashata, nikapanda kwa miguu. Nilibisha, nikangoja. Mlango ulifunguliwa na msichana wa miaka ishirini na kitu, mtoto mchanga begani. Aliponiona akanywea.

"Samahani, Bibi," akasema kabla sijatoa salamu. "Ni kiti, eh? Nilishajua mtakuja tu. Sitokikokota tena."

"Mwanangu," nikamwambia, "sikuja kwa ajili ya kiti. Nimekuja kukuuliza jina."